Ungekuwa mimi, Mama, ungekwenda?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umemaliza ubingwa wa patholojia, yaani kusoma magonjwa kwenye vipande vya nyama ya mwili chini ya hadubini, kazi iko mlangoni inakungoja, na chuo kikuu kimekupa nafasi ya mwaka mmoja wa ubingwa bobezi katika patholojia ya mfumo wa chakula na ini. Posho ni ya mwanafunzi. Mwaka ukiisha hakuna mtihani wa bodi wala cheti chake. Halafu unauliza: "Ungekuwa mimi, Mama, ungekwenda?"

Mimi si daktari, nilikuwa mkata slaidi. Ila kwa miaka 28 niliyokaa nyuma ya mikrotomu, ile mashine ya kukata nyama vipande vyembamba vya kuweka kwenye slaidi, ripoti zilipita mezani kwangu zikienda kwenye mafaili, nami nilizisoma. Mwanzoni kwa umbea tu, baadaye kwa kuwa nilitaka kujua kazi ya mikono yangu inaishia wapi. Ukizisoma muda wote huo, unafika mahali unajua nani anaona na nani anabahatisha, hata saini ukiifunika kwa kidole.

Ningekwenda. Lakini ningekwenda kwa ajili ya ini, na utumbo ningeuchukua kama nyongeza.

Vinyama vya tumbo na utumbo, vile vipande vidogo vinavyochukuliwa kupimwa, vitakuja tu, popote utakapofanya kazi. Kila penye daktari mwenye kamera ya kuchungulia ndani, vichupa vinafika kwa trei: tumbo lenye bakteria, vinundu vya utumbo mpana, umio uliounguzwa na asidi. Ukikaa navyo miaka miwili vitakufundisha vyenyewe, maana wingi nao ni mwalimu. Ini halina wingi huo. Zamani mgonjwa wa homa ya ini alichomwa sindano ili tu kujua kovu limefika wapi. Siku hizi kuna vipimo vya damu, kuna mashine ya kupima ugumu wa ini kutoka nje ya ngozi, na kesi nyepesi zimeishia huko. Kinachofika kwenye hadubini ni kile kilichowashinda wengine wote. Kwa hiyo daktari anayeanza kazi leo hapati ngazi ya kupandia: kesi yake ya kwanza ya ini huenda ikawa ngumu kuliko zote, na hana wa kumuuliza.

Tena anaiangalia kupitia tundu la sindano. Kile kinyama, chembamba kama uzi, ni kama sehemu moja kwa 50,000 ya ini zima. Wakubwa wenu wanataka kifike angalau sentimita 2, na ndani yake zionekane trakti za potali zipatazo 11, vile vituo ambamo mshipa wa damu na kimrija cha nyongo hupita pamoja. Kikiwa kifupi zaidi ya hapo, kovu linaweza kuwepo pembeni tu na usilione. Hili nalijua kwa aibu yangu. Kuna siku nilikuwa na haraka, nikaparua kwa nguvu nta inayoshikilia kinyama ili uso wa nyama utokeze, na nilipokuja kushtuka nusu ya uzi ule ilikuwa imeishia kwenye takataka chini ya kisu. Daktari aliyekuwa zamu angeweza kuandika chochote kwa kile kilichobaki, na nani angejua? Aliandika kwamba sampuli haitoshi kupima kiwango cha kovu, akaeleza anachoweza kusema na asichoweza, kisha akampigia mwenzake wa wodini kumwambia kosa ni la maabara. Mgonjwa alichomwa tena. Sikulala siku mbili. Ila yule daktari nilimheshimu mpaka nilipostaafu, na alikuwa amepitia mwaka kama huo unaouogopa wewe.

Madaktari nilikuwa nawatambua pia kwa rangi za kupaka slaidi walizoagiza. Asiyefundishwa ini aliagiza zote kwa mpigo, au hakuagiza hata moja. Aliyefundishwa alijua anatafuta nini: trikromu aone kovu, retikulini aone kama mistari ya seli imeanguka, rangi ya Perls kwa madini ya chuma, nyingine kwa shaba, na ile ya PAS yenye kimeng'enya kwa vile vidonge vya waridi vya protini iliyokwama ndani ya seli. Na baada ya rangi alishika simu. Ini lina namna chache za kulalamika, lakini sababu ni nyingi. Seli za plazima, ambazo ni seli za kinga, zikijazana mpakani mwa zile trakti, inaweza kuwa mwili unajishambulia wenyewe, na inaweza kuwa dawa aliyoanza mgonjwa miezi mitatu iliyopita. Slaidi peke yake haikwambii. Mafuta ndani ya ini ni vilevile. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic walieleza ini lenye mafuta na uvimbe kwa watu wasiokunywa pombe, likafanana mno na la mnywaji. Jina walilolipa lilidumu zaidi ya miaka 40, likabadilishwa 2023. Chini ya lenzi hali ni ile ile: ya mnywaji na ya asiyekunywa huwezi kuzitenga kwa macho tu, lazima uulize.

Wakati wa kuuliza hivyo, hasa mbele ya mtu anayekuzidi, ndio unaoupata mwaka huo. Mezani kwa hadubini yenye vichwa vingi unasema wewe kwanza: nadhani ni hiki. Mwalimu anasogeza slaidi taratibu, ananyamaza, kisha anakuuliza mbona hukutaja mrija wa nyongo ulioliwa na limfosaiti, seli nyingine za kinga, pale kona ya juu. Unaona haya. Mgonjwa hajadhurika. Ukiwa kazini kosa hilo hilo lingekuwa limeshasainiwa.

Halafu kuna simu za usiku, kama chuo kinapandikiza maini. Mchangiaji yuko hospitali nyingine, timu ya upasuaji inasubiri, kipande cha ini kinagandishwa na kukatwa papo hapo, na unaulizwa mafuta ya matone makubwa ni asilimia ngapi. Yakipita 30, madaktari wa upasuaji wanaanza kusita. Na barafu yenyewe inaacha vitundu vyeupe vinavyofanana na mafuta kwa asiyezoea! Mimi nimezikata hizo slaidi saa nane usiku, nikaona vijana wenye shahada wakitetemeka mkono kwenye skrubu ya hadubini. Wakifika mwezi wa tisa hawatetemeki.

Kuhusu cheti, umeambiwa kweli. Bodi ya patholojia ya Marekani ina mitihani ya ubobezi wa damu, ngozi, saitolojia (seli moja moja), ubongo, hata uchunguzi wa vifo, lakini mfumo wa chakula na ini hauna wake. Kitakachokusimamia ni barua ya waliokufundisha. Sioni kama ni hasara kubwa. Anayekuajiri atauliza ulikaa kwa nani na uliona nini.

Usidhani nadharau utumbo. Kule nako kuna pa kuvunjia shingo, na pabaya zaidi ni umio wa Barrett, ule ambao ngozi yake ya ndani imegeuka kufanana na ya utumbo kwa kuunguzwa na asidi muda mrefu. Seli zikianza kuharibika kidogo, mabingwa wenyewe hawakubaliani, ndiyo maana inatakiwa mtu wa pili mwenye uzoefu wa mfumo wa chakula athibitishe kabla mgonjwa hajaingizwa kwenye matibabu. Ukimaliza mwaka huo, huyo mtu wa pili utakuwa wewe. Watakuletea slaidi waliyogombania wiki nzima, na mara nyingine jibu la haki litakuwa "haijulikani kama ni mabadiliko ya saratani au ni kidonda tu, tuliza asidi, rudieni kuchukua sampuli". Kuandika sentensi hiyo bila kuonekana umekimbia kunahitaji mafunzo zaidi ya kuandika "saratani".

Na nikuchokoze kidogo, maana nyie madaktari mnasahau waliowakatia slaidi. Robin Warren, mwanapatholojia wa Perth kule Australia, alipoona vijidudu kwenye vinyama vya tumbo mwaka 1979, watu waliamini asidi ya tumbo haiachi kitu hai. Aliviona vizuri kwa rangi ya fedha ya Warthin-Starry, na rangi hiyo, mwanangu, ikikataa inakataa: slaidi nzima inageuka nyeusi. Yeye na Barry Marshall walipata Nobel mwaka 2005. Huwa najiuliza ni nani aliyekuwa anaziosha zile slaidi.

Sasa, kabla hujasaini. Mtafute aliyemaliza mwaka jana, zungumza naye bila wakubwa kusikia. Muulize kwa wiki aliona biopsi (vinyama vya kupimwa) ngapi za ini zisizo za uvimbe, maana chuo kinaweza kujaa vinundu vya utumbo mpana na ini likawa la kubahatisha. Muulize kama kesi ilifika kwake kwanza, akaandika ripoti yake kabla bosi hajaiona, au alikaa pembeni akitazama wenye kazi wakifanya kazi. Na hasa muulize alitumia saa ngapi kwenye meza ya kukatia viungo. Kutafuta tezi za limfu kwenye utumbo wenye saratani mpaka zifike 12 ni kazi ya maana, nawe umeifanya miaka yote ya ubingwa. Akikwambia mwaka mzima aliushinda pale na kisu mkononi, basi walikuwa wanatafuta mikono ya bei rahisi, na mimi nabadilisha jibu langu: anza kazi, tafuta chuo kingine mwakani.

Akikupa majibu, nipigie jioni yoyote. Usiniandikie ujumbe, nataka nisikie alivyosema.

Mama