Ni maji ya kisima yanayotumaliza figo huku Gongoni, au ni kitu kingine?

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni kijana wa miaka 34 niko Gongoni, huu mwaka wa 9 nafanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Ndani ya miaka miwili wenzangu wawili wameanza kusafishwa damu kwa mashine, na mmoja hata 40 hajafika, hakuwa na sukari, hakuwa na presha, hakuwa mlevi. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi, wazee wanasema ndo sababu. Wengine wanatuambia tunywe madafu na juisi ya birimbi tusafishe figo, na yule mwenzangu wa mashine anayanywa hayo madafu kila siku. Mimi mwenyewe mgongo unanisumbua, nachomwa sindano ya maumivu, diklo, karibu kila Jumamosi hapo kemisti. Ni maji kweli? Na nitajuaje kama figo zangu ziko sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila nikifika pale pa diklo nasimama, manake umeniuliza maji lakini nusu ya jibu nadhani iko kwenye hiyo sindano ya Jumamosi. Lakini wacha nianze na maji kwa sababu najua kijiji kizima kinasubiri hapo.

Maji ya chumvi hayaingii tu kwenye figo yakaikwaruza kama watu wanavofikiria. Figo za mtu mzima zinachuja kama lita 180 kwa siku na karibu zote zinarudishwa kwenye damu, unakuja kukojoa lita moja na nusu hivi au mbili, na kupima chumvi ibaki ngapi itoke ngapi ndo kazi yao usiku na mchana. Shida inapitia kwenye presha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na ndani ya hizo gramu 5 sodiamu yenyewe ni kama gramu 2. Sasa chukua kisima ambacho kila lita ina miligramu 500 za sodiamu, mtu wa juani kama wewe ukinywa lita 4 umeshamaliza zile gramu 2 zote na bado hujaonja ng'onda wala mchuzi. Pwani ya Bangladesh, ambako bahari imeingia kwenye visima, watafiti waliona wanaokunywa maji ya chumvi presha zao ziko juu, mpaka wajawazito. Na presha ikikaa juu miaka inakaza vile vimishipa vidogo vya figo polepole, mtu haumwi na chochote.

Kwa hivo wazee hawajakosea kabisa. Na tafadhali waambie nyumbani kuchemsha hakutoi chumvi, maji yanapungua sufuriani chumvi inabaki ile ile, na vile vidonge vya klorini vinaua vijidudu tu. Ukiweza kinga maji ya mvua ya paa msimu wa masika uyaweke kwa ajili ya kunywa, ya kisima yawe ya kuoshea na kuogea, wenzetu wa visiwa vya Lamu wameishi kwa majabia yao ya mvua vizazi na vizazi.

Ila mwenzako umesema hakuwa na presha. Hapo ndo mimi naachana na kisima nakuja kwenye jua.

Kuna ugonjwa wa figo ambao madaktari wa El Salvador na Nikaragua walianza kuuona kwa wakata miwa, vijana wa miaka 30, wanaume wenye nguvu zao, hawana sukari wala presha, wanakuja hospitali figo zimeshaisha. Ulikuwa unaua watu wengi mpaka mwaka 2013 shirika la afya la nchi za Amerika likautambua kuwa ni janga la afya ya umma. Sri Lanka nako tangu miaka ya 1990 wakulima wa mpunga wa mikoa ya kati kaskazini wanaumwa hivo hivo, na India iko sehemu moja ya Andhra Pradesh inaitwa Uddanam. Chanzo chake wataalamu bado wanavutana, kuna wanaotaja dawa za kunyunyizia shamba, kuna wanaotaja madini kwenye maji, lakini kwa wale wakata miwa kitu kinachojirudia sana kwenye utafiti ni kazi ngumu kwenye joto kali na mwili kukauka maji siku baada ya siku. Na tena usidhani ni miwa tu, Tamil Nadu kusini mwa India waliwapima watu wa mashamba ya chumvi, kazi ile ile yako, wakawakuta wengi wanafanya kazi kwenye joto lililopita kiwango na baadhi yao figo zimeshashuka. Sisemi mwenzako ana huo ugonjwa, hiyo ataambiwa na daktari wake, lakini nikisoma maelezo yako siwezi kuacha kuwaza hivo.

Hebu fikiria siku yako moja ya kaskazi. Chini chumvi nyeupe inakurudishia jua usoni, juu hakuna hata mti, unakwangua na kubeba tangu alfajiri, jasho linatoka lita na lita na unakunywa chupa moja ya nusu lita manake tangi liko mbali na ukienda kunywa magunia yako yanapungua na pesa inapungua. Damu inakuwa nzito. Mwili unaamua kupeleka damu kwenye misuli na ngozi, figo zinapunguziwa. Misuli nayo ikitumika sana kwenye joto inamwaga takataka zake kwenye damu, asidi ya yuriki inapanda, mkojo unakuwa mchache na mkali, na vyote hivo vinapita kwenye vijifereji vidogo vya figo ambavyo saa hiyo vina kiu. Jioni unakunywa maji, unalala, zinapona. Kesho tena. Zikiumia na kupona mara mia mbili kwa mwaka zinaanza kuacha makovu, na kovu la figo halirudi kuwa figo. Na wale mnaokata kiu kwa soda jueni kwamba panya wa maabara waliokaushwa maji halafu wakapewa maji yenye sukari ya namna ile ya soda, figo zao ziliharibika zaidi kuliko waliopewa maji matupu.

Sasa diklo. Figo ikipungukiwa na damu ina ujanja wake wa kujiokoa, inatengeneza kemikali inayoupanua mshipa unaoingiza damu ili angalau kidogo ipite. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinaondoa maumivu kwa kuizuia kemikali hiyo hiyo. Yaani unaenda Jumamosi umekauka wiki nzima, unachomwa dawa inayofunga ule mlango wa mwisho figo ilikuwa imeushikilia wazi. Mtu mwenye afya anayekaa kivulini akimeza siku mbili kwa sababu ya jino wala sina wasiwasi naye sana, lakini kibarua wa chumvi kila wiki kwa miaka, hapana mwanangu, nakuomba uiache kuanzia Jumamosi hii. Nimekaa na watu wengi pembeni ya ile mashine, saa nne kila kikao, mara mbili kwa wiki, na nikiwauliza walikuwa wanatumia nini zamani hadithi ya sindano za kemisti nimeisikia mara nyingi mno mpaka inaniuma. Panadol ni nafuu kwa figo, ya miligramu 500 meza mbili mbili usipitishe 8 kwa siku nzima na kama unakunywa pombe iwe chini ya hapo, na huo mgongo upimwe kwa sababu hata mawe ya figo yanauma ubavuni na mgongoni na watu wa juani ndo wanaoyapata sana.

Kuhusu kupima, hapa sikiliza vizuri. Usingoje kuvimba miguu wala mkojo kupungua, hizo ni dalili za mwisho mwisho. Na huu ugonjwa wa joto una hila, ile karatasi ya kuchovya kwenye mkojo mara nyingi haionyeshi protini mwanzoni, unaambiwa uko sawa unarudi kazini. Wewe omba wapime kreatinini (creatinine), takataka ya misuli ambayo figo inatakiwa kuitoa kwenye damu, na wakuhesabie kiwango cha kuchuja, wenyewe wanaita GFR, pamoja na mkojo, presha na sukari. Kijana kama wewe GFR inafaa iwe 90 kwenda juu, ikishuka chini ya 60 na ikakaa huko miezi mitatu huo ni ugonjwa sugu, chini ya 15 ndo tunazungumzia mashine au kupandikizwa. Usiende siku umetoka shambani umekauka na umekula nyama nyingi, itapanda kreatinini uogope bure, pumzika siku moja unywe maji halafu asubuhi uende, na kama imetoka mbaya irudiwe. Nawe jua kreatinini inaweza kuonekana ya kawaida mpaka karibu nusu ya kazi ya figo iwe imepotea, kwa hivo kwa kazi yako pima kila mwaka, ikiwezekana kabla kaskazi haijaanza na ikiisha.

Birimbi. Kwenye mchuzi na achari haina neno, mimi mwenyewe sipiki samaki bila birimbi. Lakini glasi ya juisi yake mbichi kama dawa ni hatari kweli, ina asidi ya oksaliki nyingi na inaganda kuwa chembe ndani ya figo. Kerala huko India wameandika habari za watu waliokunywa juisi ya birimbi ili washushe mafuta ya damu wakaishia hospitali figo zimesimama ghafla. Na miti shamba mingine vile vile, Ubelgiji miaka ya 1990 wanawake walipewa dawa ya kupunguza unene yenye mti wa jamii ya aristolokia na baadhi yao figo zikafa kabisa.

Haraka haraka mengine ya mazingira yetu. Watoto wanaooga madimbwini na mitoni wakikojoa damu ni kichocho, kikiachwa kinaziba mirija figo zinafura, na dawa yake prazikwanteli ni ya siku moja tu. Na akina mama, zile krimu za kung'arisha zenye zebaki zinaleta protini kwenye mkojo na kuvimba mwili mzima, nimewaona.

Mimi sipendi kuishia kumwambia kibarua "kunywa maji" kama kwamba kosa ni lake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya hapa Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa ya kutosha mahali ambapo wafanyakazi wanafika kwa urahisi. Huko Nikaragua na El Salvador walipojaribu kuweka maji karibu, vivuli vya kuhamishika na mapumziko ya lazima, figo za wakata miwa hazikuumia sana kama zamani, na kazi haikusimama. Nendeni pamoja, sio wewe peke yako, mwombe mitungi isogezwe pale mnapokwangulia na si kule getini, turubai moja la kivuli, na kazi ianze alfajiri zaidi mpumzike saa zile za jua kali, na wakati wa Ramadhani waliofunga wapangiwe usiku. Maji yenyewe ni glasi moja kila dakika 15 au 20 ukiwa juani, usingoje kiu, na yawe maji yasiyo na chumvi, manake ya kisima chenu kwa kiasi hicho tunarudi kwenye presha.

Halafu kuna jambo moja la leo leo, usilale nalo. Madafu kwako wewe mwenye figo nzima ni kinywaji kizuri tu baada ya kazi. Lakini dafu limejaa potasiamu, na figo zilizokufa haziwezi kuitoa, inajaa kwenye damu mpaka moyo unasimama, na mtu anaweza kuondoka usiku kabla ya siku yake ya mashine. Mpigie simu huyo mwenzako sasa hivi umwambie ayaache, na kikao kinachofuata amwambie nesi wake amekuwa akinywa mangapi kwa siku ili damu ipimwe.