Udongo mmoja, maabara mbili, majibu mawili

SWALI: Nina parseli kwenye mteremko hapa Bukavu, upande wa Kadutu, na ninataka kujenga nyumba ya ghorofa moja pamoja na ukuta wa kuzuia udongo. Nilichimbisha shimo la mita tatu kwa sururu, kuta zake zimesimama wima, nikapeleka udongo mwekundu wa chini, usio na harufu wala mizizi, katika maabara mbili. Ya kwanza imenipa kikomo cha umajimaji 71, kikomo cha ufinyangikaji 41 na unyevu wa asili asilimia 48. Ya pili haikupima unyevu. Imenipa 46 na 32. Fundi wangu anasema nichukue majibu ya pili kwa kuwa ni mazuri zaidi, na ndugu yangu anasema nitafute wastani. Ni maabara ipi iliyokosea?

JIBU: Ndugu msomaji, inawezekana kabisa kwamba hakuna iliyokosea kusoma vipimo vyake, ila kila moja ilipima kitu chake. Kikomo cha ufinyangikaji ni kiasi cha unyevu, kwa asilimia, ambapo udongo huanza kufinyangika bila kukatika, na kikomo cha umajimaji ni kile ambapo huanza kutiririka. Tofauti kubwa namna hii katika udongo mwekundu uliotokana na kuoza kwa mawe ya volkano naikuta mara kwa mara, na karibu kila ninapofuatilia chanzo chake nafika kwenye jambo lilelile, yaani jinsi udongo ulivyokaushwa kabla ya kupimwa. Waulize wa maabara ya pili kama waliuweka udongo wako katika oveni ya nyuzi 105 usiku kucha, wakauponda, wakauchekecha, kisha wakaurudishia maji. Nadhani watakujibu kwamba ndivyo walivyofanya, na watashangaa kwa nini unauliza.

Mshangao huo ndio unaonisumbua kuliko yote katika kazi hii. Wengi wanaamini, na miongoni mwao wamo watu wenye shahada, kwamba udongo ukikaushwa na kurudishiwa maji unarudi kuwa ulivyokuwa ardhini. Vikomo hupimwa kwa chembe zinazopita kwenye chekeche ya milimita 0.4, na udongo wa mfinyanzi uliolowa haupiti kwa urahisi. Kuukausha kunarahisisha kazi, na mteja anataka majibu kesho. Kwa udongo mwingi wa nchi za baridi, ambako vipimo hivi vilianzia kwa Albert Atterberg wa Uswidi mnamo mwaka 1911, njia hiyo ya mkato mara nyingi haileti madhara makubwa. Kwa udongo wetu inaleta.

Sababu ziko mbili. Kwanza, mawe ya volkano yanapooza katika mvua nyingi huweza kuzaa madini yaitwayo haloisaiti, ambayo hubeba tabaka la maji ndani ya chembe yenyewe, katikati ya karatasi zake. Maji hayo huanza kutoka hata katika joto la nyuzi 50 au chini yake, na yakishatoka hayarudi kwa kulowesha tu. Pili, oksidi za chuma na alumini, zile zile zinazoupa udongo wekundu wake, hugandisha chembe ndogo kuwa vifungu vigumu udongo unapokauka. Ni kama tofali lililochomwa, ambalo hata ukililoweka wiki nzima halitakuwa tena tope la kufyatulia. Udongo wa mfinyanzi uliopita katika oveni hujionyesha mbele ya mpimaji kama chembe kubwa zaidi zisizoshika maji, na hata kipimo cha kuzama kwa chembe ndani ya maji kitatoa mfinyanzi mdogo kuliko uliopo kweli.

Sasa tazama tarakimu zako, kwa maana zenyewe zinatoa ushahidi. Toa kikomo cha ufinyangikaji kwenye unyevu wa asili, kisha gawanya kwa tofauti ya vikomo viwili. Kwa maabara ya kwanza ni 7 gawanya kwa 30, karibu 0.23, maana yake udongo mgumu kiasi unaofinyangika. Kwa vikomo vya pili, ukitumia unyevu uleule, ni 16 gawanya kwa 14, yaani 1.14, maana yake udongo ambao umevuka kikomo cha umajimaji na ukivurugwa ungetiririka kama uji. Lakini shimo lako la mita tatu limesimama wima, na mchimbaji alihitaji sururu! Zaidi ya hayo, 46 kwa 71 ni uwiano wa karibu 0.65, na katika uainishaji unaotumika sana uwiano ulio chini ya 0.75 kati ya udongo uliokaushwa kwa oveni na usiokaushwa ni alama ya udongo wenye mabaki mengi ya mimea. Mtu asiyejua tabia ya udongo wa volkano angekuandikia kwamba parseli yako imekaa juu ya matope ya kinamasi, ilhali ni udongo mwekundu safi usio na harufu wala mizizi.

Wastani haufai, kwa sababu 58.5 si kikomo cha udongo wowote ulioko katika shimo lako. Fuata majibu ya kwanza, lakini usiyaamini kwa upofu. Uliza kama udongo ulipimwa kuanzia unyevu wake wa asili, na ulikandwa kwa dakika ngapi, kwa kuwa kukanda kwa muda mrefu huvunja vile vifungu na kupandisha kikomo cha umajimaji. Dakika tano zinatosha. Hata ile asilimia 48 ihakikishwe: sampuli moja ikaushwe kwa nyuzi 105 na nyingine kwa joto lisilozidi 50 hadi uzito usipungue tena, jambo ambalo katika hewa yetu yenye unyevu huchukua siku kadhaa. Tofauti ikifikia asilimia 4 hadi 6, sehemu ya maji uliyoyahesabu yalikuwa ya ndani ya chembe, na vipimo vyote vinavyofuata vitumie joto lile dogo.

Kuhusu fundi wako nitasema waziwazi. Majibu ya maabara hayachaguliwi kwa uzuri. Na hata vikomo vilivyopimwa sawasawa havikuambii nyumba itabebwa na nini, kwa sababu vinapimwa kwenye udongo uliopondwa na kukandwa, ambao umepoteza muundo wake wote. Katika mji huu wapo watu wanaoshika bonge la udongo mkononi, wanaliponda kwa vidole, wanatangaza kwamba ardhi ina "bari mbili", yaani kipimo cha mzigo ambao ardhi inaweza kubeba, na mwenye nyumba anamimina msingi juu ya neno hilo. Wapo pia wanaochukua ripoti ya parseli ya jirani na kubadilisha jina la mteja. Nguvu ya udongo na kubonyea kwake hupimwa kwa bonge lisilovurugwa, lililokatwa kwa uangalifu kutoka ukutani mwa shimo, likafungwa kwa plastiki na nta saa ileile ili lisikauke, na likabebwa bila kutikiswa. Udongo uliofika maabara ndani ya gunia juu ya pikipiki haujawahi kutoa jibu hilo.

Na wewe uko kwenye mteremko. Wakazi wa mtaa wa Funu wanajua jinsi nyumba iliyojengwa vizuri inavyopasuka pale mlima wenyewe unaposogea chini yake, na hakuna kikomo cha Atterberg kinachoonyesha mwendo huo. Kabla ya kuchora ukuta, mtafute mhandisi atakayeutembea mteremko wote, juu na chini ya parseli yako, akitafuta nyufa, miti iliyoinama na chemchemi, na atakayejua maji yanapanda hadi wapi ndani ya ardhi wakati wa mvua nyingi. Kwa maabara, andika katika makubaliano kabla ya kulipa kwamba ripoti itataja kina cha kila sampuli, namna ilivyohifadhiwa, joto la kukaushia na muda wa kukanda. Anayekataa kuyaandika hayo manne, ondoa sampuli zako kwake uzipeleke kwingine zikiwa bado na unyevu wake.