Kuchagua viazi vinavyostahimili magonjwa

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unaishi Nairobi na unalima Limuru, kwamba majani ya viazi vyako vya aina ya Shangi yaliungua wakati wa mvua, na kwamba unatafuta aina isiyougua kabisa. Aina hiyo haipo. Sherekea na Kenya Mpya, zilizoidhinishwa mwaka 2010, hustahimili bakajani chelewa (ugonjwa unaounguza majani wakati wa mvua) vizuri kuliko Shangi, ingawa wanunuzi wengi wa jijini bado huulizia Shangi kwa kuwa huiva upesi jikoni. Zungumza na mnunuzi wako kabla ya kupanda.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile mimea michache uliyosema ilinyauka ingali kijani, kwani huenda huo ni mnyauko bakteria, ambao hauna dawa ya kuutibu shambani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize katika glasi ya maji safi bila kukitikisa: ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, hiyo ni dalili ya mnyauko huo; tafadhali usihifadhi mbegu yoyote kutoka shamba hilo. Nunua mbegu iliyothibitishwa (kituo cha Tigoni cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kiko karibu na shamba lako), na kwa misimu kadhaa panda mahindi hapo, wala si viazi, nyanya au biringanya.