Santuri na diski za SACD: wasia kwa mnaoanza kulinganisha

Vijana wanaojiunga nasi katika kazi ya kusikiliza na kuhifadhi muziki hapa Unguja huniuliza swali moja kabla hata hawajavua viatu mlangoni: muziki wa klasiki unapendeza zaidi kwenye santuri au kwenye hizi diski za kidijitali za ubora wa juu, ziitwazo SACD (Super Audio CD)? Zamani nilikuwa nalo jibu la haraka, na nililitoa kwa kujiamini mno. Siku hizi huanza kwa kuwasimulia kosa langu, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifundisha kazi.

Diski yangu ya kwanza ya SACD niliiletewa na kaka yangu alipokuja likizo kutoka Maskati. Ilikuwa na rekodi ya mwaka 1954 ya Okestra ya Simfoni ya Chicago ikiongozwa na Fritz Reiner, ikipiga Also sprach Zarathustra ya Richard Strauss, na mimi nilikuwa na santuri ya rekodi hiyohiyo, iliyokwishachakaa kidogo. Kwa muda wa miezi saba niliwaeleza wageni wangu jinsi teknolojia ya SACD ilivyoufunua muziki ule, nyuzi zikasikika moja moja na kinanda kile kikubwa cha mwanzoni kikaitikisa sakafu. Siku moja kijana mmoja, ambaye hata muziki wenyewe haukumvutia, akainama mbele ya mashine yangu akaniuliza, "Maalim, mbona hapa pameandikwa CD?"

Mashine ilikuwa ya DVD ya kawaida, niliyoinunua Darajani. Diski nyingi za SACD zina matabaka mawili: moja ni CD ambayo takriban mashine yoyote huisoma, na la pili ndilo lenye rekodi ya ubora wa juu, ambalo husomwa na mashine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kwa miezi saba, basi, nilikuwa nikiisifu CD. Kabla hamjatoa hukumu yoyote, tazameni kwanza kioo cha mashine kimeandika nini.

Hata hivyo sikuwa nimeota. Tofauti kati ya diski ile na santuri yangu ilikuwepo kweli. Nilichokosea ni kuijua sababu yake. CD huchukua vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri au moja. SACD, iliyotolewa na Sony na Philips mwaka 1999, huchukua vipimo zaidi ya milioni 2.8 vya biti moja moja. Tarakimu hizo humtisha mtu, lakini sikio la mwanadamu kijana na mzima hukoma karibu na hezi 20,000 (hezi ni mtikisiko mmoja kwa sekunde), na CD hufika huko. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio 554 ambamo wasikilizaji walitakiwa kutambua iwapo sauti ya diski za ubora wa juu imepitishwa katika kiwango cha CD au la, na majibu sahihi yalikuwa takriban nusu, yaani sawa na kurusha shilingi. Watafiti haohao walikiri kwamba nyingi ya diski hizo zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida, na wakaona kwamba sababu ni uangalifu wa mafundi walioziandaa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mlinganishaji linahusu kanda mama, yaani kanda ya awali ya studio ambayo nakala zote hutokana nayo: sauti hii imetoka kwenye kanda ipi, na nani aliiandaa? Mara nyingi mtu huambiwa analinganisha santuri na diski, kumbe analinganisha mikono ya mafundi wawili waliopishana kwa miaka 50. Isitoshe, santuri nyingi za klasiki zilizouzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilirekodiwa kidijitali tangu studio. Kampuni ya rekodi ya Decca, kwa mfano, ilirekodi kidijitali tamasha la Mwaka Mpya la Vienna la 1979 na kulitoa kwenye santuri. Nimewahi kukaa na bwana mmoja aliyesifu "ulaini usio na kompyuta" wa santuri ya aina hiyo, nami kwa kumheshimu nikanyamaza.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti. Sikio hupenda chenye sauti kubwa zaidi na kukiita kizuri, hata ikiwa tofauti ni ndogo kiasi kwamba hamtaitambua kuwa ni tofauti ya ukubwa. Chagueni kipande kilekile cha sekunde kumi, kipimeni kwa programu ya simu mkiwa mmekaa kwenye kiti kilekile, kisha bandikeni kipande cha karatasi kwenye amplifaya kuonyesha kitufe kiishie wapi kwa santuri na wapi kwa diski. Aliyeshika kitufe asiwe yule anayesikiliza, na anayesikiliza ampe mgongo.

Kwa mazoezi ninawapendekezea Boléro ya mtunzi Mfaransa Ravel, ya mwaka 1928. Ni kipande cha takriban robo saa kinachoanza kwa ngoma ndogo inayonong'ona na filimbi moja, halafu kikapanda bila kurudi nyuma mpaka okestra nzima inaunguruma. Santuri hupata shida mwanzoni na mwishoni. Mwanzoni, ngoma inapigwa chini sana kiasi kwamba mkwaruzo wa sindano unashindana nayo, na kila chembe ya vumbi ni kama mtu anayekohoa msikitini. Mwishoni shida ni ya kimaumbile. Santuri huzunguka mara 33⅓ kwa dakika tangu ukingoni hadi karibu na kibandiko, lakini mzunguko wa ndani ni mfupi: ukingoni sindano hupitiwa na kama sentimita 50 za mfuo (ule mtaro mwembamba ulioshika sauti) kwa sekunde, na ndani kama sentimita 20 tu. Hapo mawimbi ya sauti yamebanana, na ndipo hasa Ravel alipoweka matarumbeta, matoazi na kelele zote. Kaeni karibu na spika muyasikilize yale matoazi: yatasikika kama karatasi inayochanwa. Diski husomwa kwa mwanga kutoka katikati kwenda nje, na dakika ya mwisho husomwa kwa usahihi uleule wa dakika ya kwanza.

Kwa kazi kubwa za okestra, basi, mimi huchagua diski bila kusita. Kwa fidla na piano katika rekodi nzuri za miaka ya 1950 na 1960, ikiwa santuri imetunzwa, mara nyingi huirudia santuri, na sidai kwamba hilo ni zaidi ya mapenzi yangu.

Chumba nacho kina neno lake. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa zinazorudisha sauti, kwa hiyo tandikeni mikeka na zulia. Feni ikiwa inazunguka, ule ukimya mkubwa mliolipia kwenye SACD hamtausikia. Izimeni, mvumilie jasho kwa robo saa.

Umeme pia uangaliwe. Nilipata kuitwa Chake Chake kwa sababu mashine ya santuri iliyoletwa kutoka Marekani iliwafanya waimbaji wa kike wasikike kama wanaume. Mwenyewe alikuwa na transfoma ya kupunguza volti, na volti zilikuwa sawa. Ila mota yake ilitegemea umeme wa hezi 60, na wetu ni wa 50, hivyo santuri ilizunguka chini ya mara 28 kwa dakika. Transfoma haibadilishi hezi. Kwenye jenereta isiyo imara hali huwa mbaya zaidi, kwani mwendo hupanda na kushuka katikati ya wimbo.

Masika yakija, kuvu huota juu ya santuri kama vidoa vya maziwa. Santuri za plastiki huoshwa kwa maji yaliyochujwa na sabuni kidogo sana. Sahani za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zisiguswe kwa spiriti kabisa, kwani spiriti huyeyusha lakiri iliyozitengeneza.

Na kuhusu sahani hizo, mjue kwamba ulinganisho wote niliousema hapo juu haufai. Mwaka uleule wa 1928 ndio Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi, na kwa nyimbo zile hatuna kanda mama ya kurudia. Tulichonacho ni sahani zenyewe, kila upande ukiwa na dakika tatu hivi. Mkizihamishia kwenye faili la ubora wa juu, mkwaruzo wake utahamia pamoja nazo. Zitumieni sindano yake, ambayo ni pana takriban mara tatu ya ile ya santuri za baadaye, kwa sababu sindano nyembamba huzama chini kabisa ya mfuo, na huko chini kuna vumbi la karibu miaka mia.