Baridi ya Montréal: jibu kwa ndugu zangu wa Lubumbashi

Ndugu zangu wa Katuba na Kenya, mitaa yetu ya Lubumbashi, Kongo, mmeniuliza swali ambalo hadi leo nimelijibu kwa mzaha: katika picha ya Julai nimevaa kaptula, katika ile ya Januari nimefunikwa hata uso hauonekani, je, Montréal, huku Kanada, ni mji wa joto au wa baridi? Kwa kuwa mdogo wetu anakuja kusoma mwishoni mwa Agosti, na mama ameshaanza kumtafutia koti sokoni, nitajibu kwa makini.

Huko kwetu, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, anga la Juni na Julai halina wingu, kwa hiyo ardhi hupoteza joto usiku kucha, na alfajiri kipimo hushuka karibu na digrii 7, watu wakazunguka mbabula, yaani jiko la makaa, kabla ya kwenda kazini. Saa nane mchana watu haohao wanatafuta kivuli, kwa sababu imeshafika 25. Majira ya mvua mawingu hulizuia joto lisitoroke, na usiku haupishani sana na mchana. Oktoba ndiyo inayotuchoma, lakini hata wastani wake hauipiti Julai kwa digrii 10. Kwa maneno mengine, Lushois, yaani mkazi wa Lubumbashi, huvumilia mabadiliko makubwa ndani ya siku moja.

Hapa mabadiliko makubwa ni ya mwaka. Siku ya kawaida ya Januari huanza kwenye digrii 14 chini ya sifuri na kufikia 5 chini ya sifuri mchana. Jua linawaka, linaumiza macho juu ya theluji, lakini halipashi kitu. Ukisubiri basi, pumzi hugeuka barafu kwenye skafu na vinyweleo vya puani hukakamaa. Upepo ukivuma, mwili huhisi baridi kuliko kipimo kinavyosema, ndiyo maana watangazaji hutaja namba mbili. Julai, usiku ni kama 17 na mchana 26 au zaidi, tena kwa unyevu unaonyima usingizi. Mji uko karibu na latitudo 45 kaskazini: Desemba urefu wa mchana haufiki saa 9, Juni unapita saa 15, na hakuna mlima mrefu wa kuzuia hewa ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, isishuke. Tarehe 15 Januari 1957 ilishuka hadi digrii 37.8 chini ya sifuri. Sikuwepo, namshukuru Mungu.

Kusema kweli, Januari si mwezi unaonichosha, kwa sababu ndani ya nyumba kuna joto la kukaa na fulana. Unaonichosha ni Machi: mchana theluji inayeyuka, usiku maji yanaganda tena, na asubuhi njia nzima ni barafu ya utelezi isiyoonekana. Huko ndiko watu wanakovunjika mikono.

Kwa hiyo mama asinunue koti. Makoti ya sokoni yetu yanafaa alfajiri ya Julai, si hapa, na yatajaza sanduku bure. Mdogo wetu abebe sweta mbili na viatu vya kufunga. Septemba bado ni ya kutembea bila shida. Koti na mabuti tutayatafuta Oktoba katika maduka ya mitumba, kabla usiku haujaanza kugandisha.