Maswali ya wasomaji: Kima cha chini cha mshahara mkahawani

SWALI: Nina mkahawa Mombasa mjini. Kijana wa kuosha vyombo namlipa 17,000 kwa mwezi, kila kitu ndani, na mchana anakula bure. Kima cha chini si 16,113.75? Mbona afisa wa kazi ameniambia ninadaiwa?
Mwenye mkahawa, Mombasa

JIBU: Afisa yuko sawa. Hizo 16,113.75, kiwango cha kibarua wa kawaida katika miji mikubwa tangu 1 Novemba 2024, ni mshahara mtupu kabla ya nyumba. Kama hukumpa chumba, ongeza posho ya nyumba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 15, yaani 2,417.06. Jumla inakuwa 18,530.81. Kulipa kwa mkupuo kunaruhusiwa, lakini mkataba useme wazi kwamba pesa ya nyumba imo, na jumla isishuke chini ya hapo. Wewe unapunja 1,530.81 kila mwezi, sawa na 18,369.72 kwa mwaka, na deni hilo huibuka siku mnapoachana vibaya. Sahani ya wali maharagwe haiingii kwenye hesabu, maana sheria inataka mshahara ulipwe kwa pesa. Bahshishi ya wateja nayo ni yake, si sehemu ya mshahara wako kwake.

Ukipanga bei za menyu, usitumie 18,530.81. Weka juu yake NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 6 (1,111.85), tozo ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 (277.96) na shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya kazi. Mtu mmoja anakugharimu 19,970.62. Yeye naye anakatwa NSSF na tozo kiasi hicho hicho, pamoja na SHIF, yaani bima ya afya, asilimia 2.75 (509.60), abaki na 16,631.40 mkononi. Kodi ya mapato haimfikii. Serikali ikitangaza kiwango kipya, badilisha ile 16,113.75 tu, njia ya kuhesabu ni ile ile.

SWALI: Weita wangu hukaa kaunta saa za msongamano. Nimwandike "keshia" kwenye mkataba, apate heshima kidogo?
Msomaji, Malindi

JIBU: Heshima hiyo ni ghali. Katika jedwali la serikali la kima cha chini cha mishahara, weita na mpishi wako ngazi moja tu juu ya kibarua, ilhali kiwango cha keshia ni zaidi ya mara mbili ya cha kibarua. Andika kazi anayoifanya kweli. Ikiwa kutwa nzima yuko kwenye mashine ya risiti, basi ni keshia, hata ukimwita weita. Mahakama huangalia kazi, si jina.

SWALI: Glasi zikivunjika, au mteja akitoroka bila kulipa, nikate mshahara wa weita?

JIBU: Glasi iliyomponyoka kwa bahati mbaya, hapana. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata kiasi cha haki pale mali ilipoharibiwa kwa makusudi. Pesa zikipungua, unaweza kumkata tu yule ambaye mkataba wake unamkabidhi kupokea pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Weka maandishi ya kila kisa, yakiwa na tarehe na saini yake. Bila kumbukumbu, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe mwajiri.