Kupinda na kucheza: ukaguzi wa kufanya kabla ya kufidia mpindo wa spektrografu

Mji wa Nakuru uko dakika 18 za digrii kusini mwa ikweta. Mintaka, ile nyota ya mkanda wa Orioni inayotangulia kuchomoza, nayo iko dakika 18 kusini mwa ikweta ya mbingu. Kwa hiyo kila inapokatiza anga yetu hupita utosini kabisa. Katikati ya Januari, kwenye saa nne na nusu usiku, mtu aliyesimama uani kwangu Kiamunyi akiinua uso wima ataikuta hapo juu. Naipenda sana nyota hiyo, na ndiyo iliyonifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu fidia ya mpindo, yaani kusahihisha vipimo pale spektrografu, chombo kinachotawanya mwanga wa nyota kuwa rangi, inapopinda kwa uzito wake.

Mintaka si nyota moja. Ile kubwa inazungukana na mwenzake kila baada ya siku 5.73, na mistari ya spektra yake, yaani ya mwanga wake uliotawanywa kuwa rangi, husogea upande wa bluu inapotukaribia na upande wa nyekundu inapotuacha, takriban km 100 kwa sekunda kila upande. Mwaka 1904 Johannes Hartmann, akiwa Potsdam, Ujerumani, aliona kwamba mstari wa kalsiamu hauendi pamoja na mingine. Akakata kauli kuwa kalsiamu hiyo haimo ndani ya nyota, imo njiani, katika gesi iliyotanda kati yetu na nyota. Ugunduzi huo wote umesimama juu ya swali moja: mstari upi umesogea na upi umetulia? Chombo chenyewe kikisogea, swali hilo halijibiki.

Changu kilisogea.

Ninatumia darubini kuukuu ya inchi 8, ya aina inayobebwa na mikono miwili ya chuma. Spektrografu inaning'inia nyuma yake. Sehemu nyingi ni za plastiki, zilizochapwa kwa printa ya 3D, na kamera inatokea ubavuni kama kiwiko. Nimeipanga itazame mstari wa heliamu ulio kwenye nanomita 587.6, na pikseli moja hubeba nanomita 0.04. Ukipiga hesabu, mstari ukihama pikseli moja tu ni sawa na kusema nyota imebadili mwendo wake kwa km 20 kwa sekunda.

Msimu wangu wa kwanza nilipima taa ya neoni mara moja tu, jioni, kisha nikapiga picha za Mintaka usiku kucha. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane, mstari wa heliamu ulihama pikseli 4 hivi, polepole, kwa utaratibu mzuri. Nilifurahi mno. Siku mbili baadaye nilikaa na karatasi nikaona jambo lisilowezekana. Pikseli 4 ni km 80 kwa sekunda, na kwa saa sita nyota yenye mzunguko wa siku 5.73 haiwezi kubadili mwendo wake kwa zaidi ya km 30, hata ikiwa pale inapobadilika kwa kasi kuliko pote. Nikarudia usiku uliofuata, nikapata mwinuko uleule, saa zilezile. Nyota haiwezi kufuata saa ya ukutani. Mvutano wa dunia unaweza, kwa sababu darubini ilikuwa inageuka kutoka mashariki hadi magharibi, na uzito wa kamera ukigeuka nayo.

Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: usiamini mwendo wowote wa mstari mpaka umeuliza kwanza chombo chako kilikuwa kimelala vipi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Darubini yenyewe ikipinda, nyota inatoka kwenye mwanya, ule ufa mwembamba ambao mwanga hupitia kuingia kwenye spektrografu, na hilo utaliona mara moja kwa sababu mwanga unapungua. Kinachohamisha mistari ni mpindo wa sehemu zinazofuata baada ya mwanya: lenzi, gretingi inayotawanya rangi, na kamera. Huo hauonekani kwa macho. Unaonekana tu ukipitisha mwanga wa taa unayoijua katika mwanya uleule, darubini ikiwa imelala vilevile kama ilivyolala ulipopiga nyota. Neoni inanifaa kwa sababu ina mistari kwenye 585.2, 588.2 na 594.5, heliamu yangu ikiwa katikati yake. Balbu ya neoni ni kile kitaa kidogo cha rangi ya machungwa kinachowaka ndani ya swichi za soketi, na duka lolote la vifaa vya umeme mjini linazo swichi hizo. Lakini umeme wetu ni volti 240. Mpe fundi wa umeme akufungie balbu pamoja na rezista yake ndani ya kijisanduku. Usiiguse ikiwa wazi.

Nilipojua tatizo, nilitaka kurukia suluhisho. Nikaanza kuandika programu ya kufidia: darubini ikiwa pembe fulani, ondoa pikseli kadhaa. Programu haikukubali. Leo ingenipa jibu safi, kesho ikakosea pikseli moja na nusu.

Aliyeniokoa ni fundi wa jua kali aliyenichomelea stendi. Stendi yenyewe ni hadithi yake: hapa kwetu mhimili wa darubini unaofuata nyota unapaswa kulala karibu sambamba na ardhi, na stendi nyingi za dukani zimetengenezwa kwa nchi zilizo mbali na ikweta, hazishuki hadi huko. Tukaamua kuchomea bamba nene la chuma lililosimama wima. Siku alipokuja kuliimarisha nilimweleza kwamba spektrografu inapinda. Akaishika kamera kwa vidole viwili, akaisukuma, akaiachia, akaisukuma tena.

"Mwalimu, hii haijapinda. Hii inacheza."

Nikamuuliza tofauti ni nini. Akaniambia nifikirie geti. Geti zito likishuka kwa uzito wake, litashuka palepale kila siku, nawe unaweza kulikata chini kidogo likafunga vizuri. Lakini bawaba ikiwa imelegea, leo litagusa hapa, kesho pale, na hakuna mahali pa kukata.

Sijasoma popote maelezo yaliyo wazi kuliko hayo. Mpindo wa kweli unarudi: uzito ukirudi ulipokuwa, chombo nacho kinarudi. Huo unaweza kuupima na kuufidia. Mchezo wa skrubu iliyolegea haurudi, na hakuna jedwali wala programu inayoweza kuukisia. Kwa hiyo kabla ya kufidia chochote, tafuta kwanza kama kuna mchezo.

Kipimo chake hakihitaji hata nyota. Fanya mchana, darubini ikiwa imefunikwa. Elekeza mashariki, piga taa, andika mstari wa 588.2 umeangukia pikseli ya ngapi. Nenda hatua kwa hatua, kila hatua saa moja ya mzunguko wa anga (digrii 15), mpaka magharibi. Kisha, na hapa ndipo watu wanapokata njia, rudi hatua zilezile mpaka mashariki. Chora safari zote mbili kwenye karatasi moja. Mistari ikipandana, chombo chako kinapinda tu, shukuru. Ikiachana katikati kama midomo iliyofunguka, kuna kitu kinateleza. Changu kiliachana kwa zaidi ya pikseli moja. Nilikuta skrubu ya kishikio cha gretingi imeingia kwenye plastiki tupu, bila nati. Nikatoboa, nikaweka nati za shaba. Halafu nikakuta adui mwingine, waya wa kamera uliokuwa ukining'inia na kuivuta kamera kila darubini ilipogeuka. Sasa nimeufunga kwenye mkono wa darubini, ukiwa na kitanzi kirefu karibu na kamera. Waya unadharauliwa sana. Ukitaka kurekebisha kitu kimoja tu wiki hii, anza na waya.

Joto nalo lina mambo yake. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, na usiku wa Januari ulio wazi hupoa haraka. Acha darubini mahali pamoja bila kuisogeza na upige taa kila dakika kumi kwa saa mbili za mwanzo wa usiku. Mwendo utakaouona hapo hauhusiani na uzito. Mimi hutoa vyombo nje saa kumi na moja jioni, na usiku siandiki kipimo chochote cha mpindo kabla ya saa mbili.

Hatua iliyonisaidia kuliko zote haikugharimu hata shilingi. Kwetu hapa ikweta, nyota inayopita utosini huchomoza wima na kuzama wima. Darubini inayoifuata haiyumbi kaskazini wala kusini. Uzito unahama katika bapa moja tu, la mashariki na magharibi. Mwanzoni nilikuwa nimeifunga spektrografu rangi zikitawanyika katika bapa hilohilo, kwa hiyo kila mpindo uliingia moja kwa moja kwenye kipimo changu. Nikaigeuza robo mzunguko. Rangi sasa zinatawanyika kaskazini na kusini, na mpindo mkubwa unaipeleka spektra nzima juu au chini ya picha, mahali ambapo hauna madhara. Pikseli 4 zikashuka hadi moja hivi. Hiyo moja iliyobaki inatokana na kiwiko cha kamera kuelemea kadiri darubini inavyoinuka, na inafanana mashariki na magharibi, kwa hiyo ni rahisi kuifuata.

Kulikuwa na baraka mbili nyingine nisizozitarajia. Mwanya sasa umelala mashariki na magharibi, kwa hiyo mota ya darubini ikikosea kidogo, nyota hutelezea ndani ya mwanya badala ya kutoka nje. Na kwa kuwa upande huo ndio pia wima wa nyota hiyo, hewa inapotenganisha bluu na nyekundu ya nyota, zote mbili hubaki ndani ya mwanya. Mtu wa Ulaya hawezi kupata haya usiku mzima bila kugeuzageuza chombo. Sisi tumepewa.

Kilichobaki ndicho ninachofidia, kwa njia mbili pamoja. Nina jedwali la mchana, la kila saa ya mzunguko, linalonipa makisio. Na usiku ninapiga taa kabla na baada ya kila picha ya nyota, bila kuisogeza darubini, kisha nachukua wastani wa hizo mbili. Picha yenyewe haizidi dakika kumi, ili mstari usipate muda wa kujipaka.

Vituo vikubwa navyo vinapambana na uzito huohuo. Spektrografu ya DEIMOS kwenye darubini ya Keck II huko Hawaii, yenye kioo cha mita 10, hupitisha mwanga wa taa kwa nyuzi hadi kwenye vihisi vidogo vilivyo pembeni mwa kihisi kikuu. Kabla ya kuanza kazi, mtazamaji anahitaji picha rejea ya taa hiyo kwa mpangilio uleule wa gretingi atakaoutumia. Usiku kucha mfumo unalinganisha na picha hiyo na kurudisha spektra mahali pake. X-shooter, spektrografu nyingine iliyo kule Chile, hupiga taa na kujirekebisha inapoanza lengo jipya. Nilipoyajua hayo nilitulia moyo. Ninachofanya kwa mkono uani ndicho kinachofanywa kule kwa mota, na kosa linalowezekana ni lilelile: picha rejea ikipigwa kwa mpangilio usio sahihi, mfumo mzima utafidia kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo ukigusa gretingi, au hata fokasi, futa rejea yako na upige nyingine.

Kila usiku Mintaka inapofika utosini mimi husimamisha kazi kwa dakika tatu, nikapiga taa na kuilinganisha na jedwali. Tofauti ikiwa chini ya nusu pikseli, naendelea. Ikizidi, siendelei na nyota. Nachukua tochi na kutafuta skrubu au waya.

Msimu huu nimeanza na Achernar, nyota inayozunguka kwa kasi kubwa, iliyo digrii 57 kusini. Darubini inaiinamia kusini, kwa hiyo uzito haubaki tena katika bapa moja, na mpindo umerudi kwenye mwelekeo wa rangi. Jedwali la Mintaka halifai hata kidogo huko. Nimejaza saa tatu za mashariki mpaka sasa. Za magharibi bado zinasubiri.